Kengele ya Chumba cha Nane

Wazee wa ghorofa ya juu walikuwa na mchezo wao, ila ole wako uuite mchezo mbele ya Bi Simu. Angekukodolea macho mpaka uombe radhi ya kuzaliwa. Yeye ndiye aliyeuanzisha, na kwake ilikuwa kazi, kama ile aliyoifanya miaka thelathini na minne kwenye mitambo ya simu ya zamani, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale, akiwaunganisha watu wasiomjua wala kumshukuru. Jina lake halisi lilibaki kwenye faili la ofisini. Katika nyumba ile ya wastaafu kila mtu alimwita Bi Simu, na mwenyewe alilipenda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vyumba vinane vilipangana upande mmoja wa korido, ukuta kwa ukuta. Ikitimu saa kumi na mbili asubuhi, Bibi Mkubwa wa chumba cha kwanza, mwenye miaka tisini na minane na meno mawili, aligonga ukuta wa jirani yake mara tatu. Jirani alijibu mara tatu: nipo, sijafa. Halafu huyo naye aligeukia ukuta wake wa pili, akamgongea anayefuata. Hivyo hivyo mpaka chumba cha nane, alikokaa mwalimu mmoja aliyestaafu akaondoka na kengele ya shule, mwenyewe akiapa kwamba alipewa. Mwalimu akigongewa, alitoka mlangoni na kuitikisa kengele yake kwa nguvu zote. Maana yake wote wanane wapo, chai imiminwe.

Usidhani waliyaanza hayo kwa raha. Waliyaanza baada ya mshonaji wa chumba cha tatu kufa na kukaa siku mbili ndani peke yake, huku wenzake wakipita mlangoni pake wakisema, huyu siku hizi anaringa. Bi Simu alikuwa mmoja wa waliosema hivyo. Siku walipomtoa mshonaji, aliwakusanya wenzake palepale koridoni, akawaambia, "Sisi si wanyama. Kuanzia kesho tunagongeana." Wakakubali, na tangu hapo hakuna aliyeoza.

Miaka ikapita, na wazee wa ghorofa ya juu wakakataa kufa. Wakaja watafiti wawili na fomu zao, wakauliza wanakula nini.

"Tunachopewa," akasema Bi Simu.

"Na siri ya kuishi miaka mingi ni nini hasa?"

"Kutokufa," akajibu Seremala wa chumba cha saba, ambaye masikio yake yaliliwa na misumeno zamani lakini maswali ya kijinga aliyasikia vizuri.

Watafiti wakacheka, wakaandika hata hilo. Mwishowe walisema kwamba kinachowaweka hai wazee wale ni kujua kuna mtu upande wa pili wa ukuta anayewasubiri. Hilo mtu yeyote mwenye akili angewaambia bila fomu. Lakini Meneja, kijana wa suti na kitambulisho kinachoning'inia shingoni, aliliona lile neno kama ameokota dhahabu. Akabandika ubao kwenye ngazi: MNYORORO WA UHAI, na chini yake idadi ya siku ulizokaa bila kukatika. Wageni walipigwa picha hapo. Kisha akaleta sheria yake. Mzee atakayeukata mnyororo mara tatu katika mwaka mmoja, basi hajiwezi, atahamishiwa chini kwa uangalizi wa karibu.

Chini! Kila mtu aliijua Chini. Vitanda vya vyuma vyenye kingo, milango inayofungwa kwa nje, uji wa kulishwa kwa kijiko na redio isiyozimwa. Aliyeshushwa hakuwahi kupanda tena isipokuwa kwa jina, siku ya kutangaziwa kifo chake. Yaani kitu walichokianzisha ili wasife peke yao, Meneja alikigeuza kuwa mtihani. Bi Simu alipinga, akabisha, akapiga meza. Meneja akatabasamu na kumwita "mama yangu". Ukiitwa mama na mtu wa namna hiyo, jua umeshindwa.

Sasa njoo chumba cha sita. Huko alikaa Mzee Mkate, jirani wa Bi Simu wa chumba cha tano, upande wake wa kulia, mwoka mikate wa maisha yake yote. Kwa miaka arobaini aliamka saa nane za usiku kukanda unga, na alipostaafu usingizi ulimrudia wote kwa mkupuo. Alilala kama gogo. Hata mikono yake haikujua kwamba kazi imekwisha. Akizungumza nawe ilikuwa inakanda leso. Mezani alimkatia Bi Simu kile kipande cha mwisho cha mkate, chenye ganda pande zote, akamsogezea bila neno. Bi Simu hakuwahi kumwambia anakipenda. Mzee aling'amua mwenyewe, siku ya kwanza tu.

Hawakuwa wapenzi, usiwazushie. Bi Simu alimwita kaka, naye akamwita dada, na jioni walikaa kwenye benchi la koridoni wakiwasema watu. Lakini kwa umri ule, mtu anayejua unapenda kipande gani cha mkate ni wangapi? Bi Simu alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, ambaye mara ya mwisho alimpigia simu akamwita kwa jina la mama mkwe wake.

Katika mwaka ule wa sheria mpya, Mzee Mkate aliukata mnyororo mara mbili kabla ya mwezi wa nne kwisha. Mara zote mbili walimkuta anakoroma, Meneja mbele, muuguzi nyuma, funguo mkononi. Alitoka na pajama zake huku wazee wenzake wamejipanga koridoni wakimtazama, akacheka.

Jioni ya ile mara ya pili, kwenye benchi, hakucheka.

"Dada," akasema, "wakinishusha kule sifikishi wiki. Nakuapia. Mimi si mgonjwa, mimi nina usingizi tu. Nifichie."

"Nikufichie vipi?"

"Nisipojibu, niruke. Toka nje umgongee Seremala. Mimi nitaamka saa yangu."

Bi Simu alijua wazi kwamba kazi nzima ya ugongaji ni kutomruka mtu. Mtambo unaounganisha simu kwa mtu asiyekuwepo ni mtambo mbovu, angeyasema hayo mwenyewe mbele ya watafiti. Lakini alimtazama mtu yule akikanda leso yake, akasema, "Haya. Lakini ukikoroma, nitakumwagia maji."

Ikawa hivyo. Asubuhi ambazo Mzee Mkate hakujibu, na zilikuwa nyingi, Bi Simu alivaa viatu vya kitambaa, akafungua mlango taratibu, akapita chumba cha sita na kugonga ukuta wa Seremala kando ya mlango wake. Seremala, ambaye aliusikia ugongaji kwa kiganja na si kwa sikio, hakujali imetokea wapi. Aligonga cha nane, kengele ikalia. Kwenye chai Bi Simu aliwaambia wapishi, "Mwekeeni Mzee Mkate chai kwenye chupa, anakuja." Na kweli alikuja, saa mbili, saa mbili na nusu, amevimba macho, na kabla hajakaa anamkatia dada yake kile kipande cha mkate. Ubao wa Meneja ukafika siku mia, mia na hamsini, mia mbili. Bi Simu akaanza kujiona mjanja.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mvua. Mzee Posta wa chumba cha nne akamgongea, Bi Simu akajibu, akageukia ukuta wa kulia na kugonga. Kimya. Akagonga tena. Halafu akasikia ukuta ukigongwa mara moja, moja tu, na mlio haukutoka pale penye mkono wa mtu aliyekaa kitandani. Ulitoka chini, karibu na sakafu.

Alisimama na kiganja ukutani. Akajiambia, kiwiko hicho, anajigeuza. Akajiambia pia, ukweli usemwe, kwamba akimwita muuguzi naye Mkate akakutwa amelala, basi ni mara ya tatu, na yeye ndiye atakayekuwa amemshusha. Akavaa viatu. Alipopita mlango wa chumba cha sita alipunguza mwendo. Hakusimama. Akamgongea Seremala, kengele ikalia, na mezani akawaambia wapishi waweke chai kwenye chupa.

Saa mbili Mkate hakuja. Saa mbili na nusu Bi Simu alikuwa amekata mkate wake vipande vidogo vidogo na hajala hata kimoja. Saa tatu aliinuka, akaenda kumwita muuguzi mwenyewe, na mlango ulipofunguliwa walimkuta sakafuni, ubavuni mwa kitanda, mkono mmoja umenyooka kuelekea ukuta wa chumba cha tano. Alikuwa bado ana joto.

Daktari alisema ni kiharusi. Alisema hivyo koridoni, akiandika, bila kumtazama mtu: "Kama angewahiwa saa kumi na mbili, huenda saa hizi tungekuwa tunazungumza naye." Kisha akauliza kama kuna sehemu ya kunawa mikono.

Majuto ni mjukuu, na Bi Simu hakuwahi kuwa na mjukuu mwingine. Huyu alilala naye kitanda kimoja tangu siku ile.

Baada ya mazishi alikuja binti wa Mzee Mkate, mwanamke mnene mwenye mikono ya baba yake. Naye ni mwoka mikate. Alileta mikate sita bado ya moto, akaikatakata mezani, na kile kipande cha mwisho akakiweka kwenye sahani ya Bi Simu. "Shangazi, baba aliniambia hiki ni chako," akasema. "Alisema asingefika mwezi wa tano bila wewe. Asante kwa kumtunza." Akamkumbatia mbele ya watu wote. Meneja akasema jambo juu ya familia kubwa ya Mnyororo wa Uhai, na kwamba hata siku ile ya msiba mnyororo haukukatika. Wazee wakapiga makofi. Bi Simu akakiweka kile kipande mdomoni, akatafuna, akatafuna, kikakataa kushuka. Alikitema kwenye leso walipogeuza macho.

Pale ndipo angesema. Neno moja lingetosha. Lakini angemwambia nini yule binti? Kwamba baba yako alinigongea nami nikampita? Akajiambia atasema kesho. Kesho yake akajiambia mtu amezikwa, maneno hayamfufui, na ukisema sasa Meneja atakufunga wewe mwenyewe Chini na ufunguo atautupa. Sababu hazikosekani kwa mtu asiyetaka kusema.

Chumba cha sita kikabaki kitupu. Ikabidi kila asubuhi Bi Simu atoke, apite mlango ule, amgongee Seremala kwenye korido. Njia ileile aliyokuwa akiinyapia kwa siri, sasa ilikuwa halali, imeandikwa na Meneja kwenye ratiba. Mara ya kwanza alishindwa kuinuka kitandani. Alimsikia Mzee Posta akigonga, na mkono haukutaka kujibu. Wakaja na funguo. Mara ya pili alijibu vizuri, akatoka, akafika mbele ya chumba cha sita na kusimama hapo, asijue alikuwa anakwenda wapi, mpaka robo saa ikapita na Meneja akapanda ngazi. Ubao wa ngazini ukafutwa, ukaanza na moja. Mbili zikawa zake sasa.

Jioni hiyo Mzee Posta alikuja kukaa naye kwenye benchi. Hakuwa na kawaida hiyo. Alikuwa mtu mkavu, mwenye goti bovu na kandambili za kuburuta, na sauti ya kuita majina ya watu kwenye foleni hata anapoomba chumvi. Akakaa mahali pa Mkate, akaona amekosea, akasogea.

"Mimi si kiziwi, dada," akasema, akijitahidi kunong'ona. "Ulikuwa unamruka marehemu. Nilikuwa nakusikia ukitoka na vile viatu vyako vya kitambaa, unadhani ni paka."

Bi Simu akaviangalia viatu vyake.

"Sikulaumu. Ulimpa miezi mizuri. Ninachouliza ni kimoja tu. Siku ile yenyewe, alikujibu?"

Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Mtu amekuja kwa miguu yake mibovu, amekaa, ameuliza swali lenyewe hasa. Na Bi Simu, ambaye alikuwa hajamhurumia mwongo hata siku moja maishani mwake, aliukumbuka ule mlio mmoja wa karibu na sakafu, akaushika kama mtu anayeshika kamba.

"Alijibu," akasema.

Mzee Posta akashusha pumzi, akatikisa kichwa. "Basi. Ilikuwa ahadi yake tu. Ilimkuta baadaye." Akalisugua goti lake. "Sasa sikiliza. Wewe umebakiza moja. Mimi sitaki kukaa ukuta mmoja na chumba kitupu, wala sitaki kusikia unalishwa uji na wale. Ukichelewa kuamka, lala. Nitakupita, nitamgongea Seremala. Kama ulivyomfanyia yeye."

Bi Simu alifungua mdomo aseme, usifanye hivyo, wallahi usinipite, kaka, piga kelele, vunja mlango. Lakini kusema hivyo ni kueleza kwa nini. Na alikuwa ameshasema alijibu.

"Asante," akasema.

"Hakuna asante," akasema Mzee Posta, akainuka na kuburuta kandambili zake mpaka chumbani kwake.

Mama yake Bi Simu, enzi hizo, alipenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua, na akimaliza kusema anakuchapa, ukumbuke. Bi Simu aliukumbuka msemo huo wiki tatu baadaye, asubuhi, alipotaka kushuka kitandani na mguu wa kushoto ukakataa kwenda naye. Alianguka taratibu, kwanza magoti, kisha bega, mpaka shavu likakaa sakafuni. Halikuuma. Alitaka kusema lo! na ulimi ukalala mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Chini ya kitanda aliona kifungo cha blauzi alichokitafuta tangu mwaka jana.

Hakuogopa mara moja. Dirishani kulikuwa kumeanza kupambazuka, na yeye ndiye aliyeuanzisha mtambo huu, alizijua saa zake. Akasubiri. Akamsikia kwa mbali Bibi Mkubwa. Akasikia cha pili kikijibu, cha tatu, cha nne. Halafu, karibu kabisa na kichwa chake, mara tatu, ukuta wa Mzee Posta.

Mkono wa kulia ulikuwa bado wake. Akauinua, ukaanguka. Akauinua tena, akaugonga ukuta pale ulipofika, shubiri moja kutoka sakafuni. Mara moja. Akajaribu ya pili, mkono ukateleza.

Upande wa pili kukawa kimya. Alimsikia Mzee Posta akipumua, alikuwa karibu hivyo, amesimama na kiganja ukutani. Bi Simu aliyajua anayoyawaza neno kwa neno, kwa maana alikuwa ameyawaza yeye kabla yake. Kiwiko hicho. Anajigeuza. Amebakiza moja.

Mlango wa chumba cha nne ukafunguliwa polepole. Kandambili hazikuburutwa; alikuwa amezivua, mzee wa watu, ili asimwamshe. Nyayo zake tupu zikafika mlangoni pa Bi Simu, zikapunguza mwendo. Bi Simu alipiga kelele. Sauti iliyotoka haikumfikia hata yeye mwenyewe. Nyayo zikaendelea, zikapita chumba cha sita, na ukuta wa Seremala ukagongwa mara tatu, kwa adabu.

Kengele ya Mwalimu ikalia, ndefu, ya furaha, kama ya watoto wanaotoka darasani. Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Mtu akakohoa, mtu akauliza kama mvua imeacha, fimbo ya Bibi Mkubwa ikapita ikigonga sakafu. Kutoka chumba cha kulia chakula, mwisho wa korido, vikombe vikaanza kugongana, na juu ya vikombe ikasikika sauti ya Mzee Posta, ile ya foleni, isiyojua kunong'ona.

"Mwekeeni Bi Simu chai kwenye chupa," akawaambia wapishi. "Anakuja."